Mkunga wa Masafa Mafupi

Mji mzima ulimwita Mkunga. Nilipomfahamu alikuwa ameshastaafu, lakini jina halikukubali kustaafu naye. Watu wengi waliopita mbele ya baraza yake asubuhi walikuwa wamepokewa duniani na mikono yake, na ndio waliomwamkia kwa jina hilo. Mimi nilimwita Mama. Asili yake siijui vizuri, wala sikuwahi kumwuliza. Nitasimulia ninachokijua: sauti yake, ukali wake, na waya wake.

Waya ndio niliokutana nao kwanza. Nilikuja Bagamoyo kupanga chumba baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikiwa na cherehani na masanduku ya nguo. Nyumba ya Mkunga ilikuwa na ua mpana, na juu ya ua ulipita waya mrefu wa shaba uliofungwa kwenye mnazi upande mmoja, na upande wa pili ukashuka hadi usawa wa kichwa cha mtu. Nilidhani ni wa kuanikia. Nikaanika kanga zangu. Haukupita muda akatoka ndani, miwani imeshuka puani, akazitazama kanga, akatazama juu, kisha akasema bila hasira:

"Fundi, kuna bwana wa Maskati nilikuwa nazungumza naye. Umemfunika na kanga."

Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Akanisubiri nizianue, akarudi ndani, na kupitia dirishani nikasikia sauti ya mwanamume, nyembamba kama imetoka ndani ya chupa, ikisema kwa Kiswahili cha Unguja, "Ahsante, sasa nakusikia vizuri." Nikabaki nimesimama na kanga mbichi mikononi.

Chumba chake cha redio kilikuwa kidogo na kisafi kama chumba cha kuzalia. Mlikuwa na meza, redio yenye ukubwa wa mkate, spika ya pembeni, na betri ya gari chini, iliyokuwa ikichajiwa na sola. Ukutani alitundika fremu mbili, cheti cha ukunga na leseni ya redio, na kuzizunguka alibandika kadi za posta alizotumiwa na watu aliowahi kuzungumza nao: milima yenye theluji, farasi, minara, bibi mmoja wa Kijapani akiwa na paka. Hiyo ndiyo redio ya ridhaa. Ni watu wa kawaida waliofanya mtihani na kupewa leseni, kila mmoja na herufi na tarakimu zake za kujitambulisha, wakawa wanaitana dunia nzima kwa masafa mafupi, kwa raha ya kusikiana tu.

Mambo ya redio aliyaanzia zahanati. Zamani, kabla ya simu za mkononi, zahanati aliyofanyia kazi ilikuwa na redio ya kuitia gari la wagonjwa. Simu zilipokuja, redio ikaondolewa, na wenzake wakafurahi. Yeye akaona kama ameondolewa sikio. Akamtafuta mzee mmoja aliyekuwa mpokea simu za upepo bandarini Dar es Salaam, akajifunza kwake mpaka alfabeti ya Morse, ile ya nukta na mistari. Mzee huyo alipokaribia kufa, akamwachia redio yake.

Mtaani walisema mengi. Wengine walisema anazungumza na majini, wengine kwamba ni mpelelezi. Siku moja baada ya Alasiri mwenyekiti wa mtaa akaja na wazee kadhaa kumhoji. Mkunga akawakaribisha, akawapa kahawa na kashata, akawaonyesha leseni. Kisha akawasha redio. Bahati ikawa nzuri, yule bwana wa Maskati alikuwepo. Mkunga akampa mwenyekiti maiki. Mwenyekiti huyo hakuna mkutano aliowahi kuufunga kabla jua halijazama, lakini siku ile midomo ilimkauka. Mwishowe akasema, "Asalaam aleikum."

"Wa aleikum salaam warahmatullah," ikajibu spika. "Habari za Bwagamoyo?"

Yule mtu alikuwa ameutaja mji kwa jina lake la zamani. Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Wazee nyuma yake wakawa wananong'ona dua. Akapata nguvu, akaanza kuuliza bei ya tende huko Maskati na kama mtu anaweza kuagiza magunia. Mkunga akampokonya maiki.

"Hewani hatuuzi, hatutukani, hatuhubiri," akamwambia. "Ukitaka tende nenda sokoni."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja jini tena mbele ya mwenyekiti.

Nilipomwambia nataka kujifunza, nilidhani atanikalisha mezani pake. Badala yake akanipa redio ndogo ya kusikilizia tu, na kipande cha waya nikifunge dirishani kwangu.

"Sikiliza," akasema.

"Nisikilize nini, Mama?"

"Chochote kilichopo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uache kuniuliza mpaka lini."

Nikaiweka kando ya cherehani. Kwa majuma mengi nilichosikia ni mvumo kama wa samaki wanaokaangwa, miluzi, na vipande vya lugha nisizozijua. Nilikuwa mwanamke aliyezoea kusemwa, nikawa sasa nimekaa kimya nikiwinda sauti za watu wasionijua. Polepole masikio yakaanza kupanuka. Nikajua mvumo wa mvua inayokuja ulivyo, na mvumo wa taa mbovu ya jirani ulivyo. Ndipo jioni moja, wakati nashona sare za shule, chini kabisa ya ule mvumo nikamsikia mwanamume akiita. Aliita kwa Kiingereza, taratibu, akitaja herufi zake, akanyamaza, akaita tena. Hakuna aliyemjibu. Niliandika herufi zile kwenye kitambaa kwa chaki ya kukatia nguo, nikakimbia uani, futi ikiwa bado shingoni.

"Mama! Kuna mtu anaita, na hakuna anayemjibu!"

Mkunga alikuwa anachambua kunde. Akakitazama kitambaa. "Kwa herufi hizi, huyo yuko Ajentina," akasema. Kisha akasukuma ungo pembeni. "Twende tukamjibu."

Akamjibu. Na yule mtu, ng'ambo ya bara zima na bahari nzima, akacheka kwa furaha kiasi kwamba nami nikacheka, ingawa sikuelewa aliyoyasema. Kati yetu na yeye hapakuwa na mnara wala kampuni, hapakuwa na kitu ila ule waya wa shaba niliouanikia kanga. Nikamwuliza Mkunga inawezekanaje.

"Sauti inapanda," akasema, akiinua kiganja. "Huko juu sana kuna tabaka la hewa lililochomwa na jua. Inagonga pale, inarudi chini. Inagonga bahari, inapanda tena. Mpaka imfikie."

"Nani aliliweka tabaka hilo?"

"Aliyeweka mimba tumboni," akajibu. Halafu akasema "Subhanallah", polepole, kama mtu aliyeliona jambo hilo siku hiyo hiyo.

Hilo ndilo lililonishangaza kwake kuliko yote. Miaka ilipita, aliongea na nchi ambazo sikujua kama zipo, na kila mara alipoachia kitufe cha maiki na kusikia mtu wa mbali amemwitikia, alisema Subhanallah. Hakuwahi kuzoea. Binti mmoja aliyezalishwa naye aliniambia kwamba hata leba alikuwa hivyo hivyo, kila mtoto alimpokea kama ndiye wa kwanza kuzaliwa duniani.

Morse alinifundisha kwa mdomo, "di" kwa nukta na "daa" kwa mstari, wakati wa kupika, wakati wa kufua, hata akinielekeza dukani. Alinikataza kuhesabu. "Ukihesabu utachelewa. Jina lako huwa unalihesabu?" Nilipokwenda Dar es Salaam kufanya mtihani wa leseni nilianguka mara ya kwanza, nikafaulu ya pili. Siku ya kuita kwa herufi zangu mwenyewe, niliishika maiki, nikairudisha mezani, nikaishika tena. Akasimama mlangoni akaniambia, "Wao nao wanaogopa." Nikaita.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyehubiria kila mja uzuri wa kusikiliza hakuwa na subira ya kumsikiliza mtu aliyekaa mbele yake. Nilijaribu mara nyingi kumweleza yaliyonipata kwenye ndoa yangu, na sikuwahi kufika mbali. "Umetoka salama? Basi, shona," alikuwa akinikatiza. Arusini aliondoka kabla ya hotuba. Simu aliichukia, alikuwa na moja ya vitufe, aliyoifungia kabatini, na ikilia aliitazama kana kwamba imemtusi. Alizungumza na mabaharia waliokuwa katikati ya Pasifiki, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga chombo, na boti za Unguja aliziogopa hata kuzitazama. Na mkunga huyo hakuweza kuvumilia kelele za watoto. Wakicheza karibu na ua aliwafukuza kwa ufagio, huku akiwaita kila mmoja kwa jina na jina la mama yake.

Sasa nieleze siku ya mafuriko, maana bila hiyo nisingethubutu kuandika habari zake.

Masika ya mwaka ule mto Ruvu ulifurika, ukaingia mashambani. Barabara ya Makurunge ikakatika, na mnara wa simu wa upande ule ukazimika. Huko Makurunge aliishi mkulima mmoja wa mihogo na minazi, mwanafunzi wa Mkunga aliyenitangulia, mwenye leseni yake na redio ndogo. Mke wa mwanawe alikuwa na mimba iliyofika. Mkunga alilijua hilo, na tangu asubuhi alikuwa hatulii.

Baada ya Adhuhuri upepo ukakivunja kichwa cha ule mnazi, na waya ukaanguka matopeni. Redio ikawa bubu. Mkunga akatoka kwenye mvua, akaifunga ncha ya waya kwa kamba kwenye mwanzi mrefu, akanionyesha pipa.

"Panda hapo. Inua. Usiuguse waya ninaposema, utakuunguza."

Nikapanda. Mwanzi ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na upepo ulikuwa ukiuvuta. Kupitia dirishani nilimwona amekaa, kichwa kimeinama kwenye spika. Mara ikaja sauti ya mkulima, inapanda na kushuka.

"Mkunga, Mkunga, hapa Makurunge. Mke wa mwanangu yuko kwenye uchungu tangu jana. Barabara hakuna. Mtoto anakuja. Ova."

"Nakusikia. Nani anamshika? Ova."

"Mke wangu. Ova."

"Anawe kwa sabuni mpaka viwikoni. Wewe kaa mlangoni, wape mgongo, na useme ninayoyasema mimi. Usiongeze la kwako. Ova."

Lazima nieleze jambo moja kuhusu redio hizi. Si kama simu. Anayebonyeza kitufe huongea na hasikii. Akimaliza husema "ova" na kuachia. Anayeachia husikia na haongei. Wawili wakibonyeza pamoja, wote wanapotea. Kwa hiyo kila swali la Mkunga lilifuatwa na ukimya, na ndani ya ukimya huo hakuna aliyejua kinachotokea upande wa pili.

Aliuliza, akanyamaza. Akaelekeza, akanyamaza. Maji yaliteremka ndani ya mikono ya gauni langu hadi mbavuni. Kila mwanzi ulipoyumba, sauti ya mkulima ilizama. Nikaukumbatia kwa mikono yote, shavu likiwa kwenye mwanzi.

Kisha: "Mama, ametoka. Halii. Amelegea. Rangi yake ni ya bluu. Mama, halii!"

Alisahau hata kusema ova. Mkunga akangoja mpaka alipoachia. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa ile ile ya kuniagiza chumvi.

"Mkausheni kwa kitambaa kikavu. Sugueni mgongo. Mpanguseni mdomo na pua. Sasa mlazeni chali, kichwa kinyooke, kisiinamie kifuani. Mkeo afunike mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake, apulize pumzi ndogo, ya mashavuni tu. Atazame kifua kama kinainuka. Kisha apulize tena, na tena, asiache. Ova."

Akaachia kitufe.

Ule mvumo wa samaki ukajaa ua mzima. Mvua ikapiga mabati. Nilimwona Mkunga amefumba macho, mkono hauko kwenye maiki kabisa, ameuweka mapajani. Muda ukaenda. Sikuweza kuvumilia.

"Mama, waite!" nikapiga kelele. "Waulize!"

Akainua kidole kimoja bila kufumbua macho. Baadaye ndipo nilipoelewa. Kama angebonyeza, nao wangekuwa wanaita wakati huo huo, asingewasikia. Watu waliobaki na yeye tu ulimwenguni wangeongea na ukuta. Jambo pekee alilokuwa amebaki nalo la kuwafanyia lilikuwa kunyamaza, na alilifanya kwa mwili wote. Sijapata kumwona mtu amenyamaza namna ile, wala kabla wala baada.

Mvumo ukakatika. Mtu kule alikuwa amebonyeza. Lakini hakusema neno. Nikasikia kitu chembamba, nikadhani ni mluzi wa masafa. Kikakatika, kikarudi, kikakua, kikawa kilio cha mtoto mchanga mwenye hasira. Mkulima alikuwa ameinyoosha maiki ndani ya chumba.

"Subhanallah," akasema Mkunga, si kwa redio. Ndipo akabonyeza. "Nimemsikia. Mwekeni kifuani kwa mama yake, wafunikwe pamoja. Kondo la nyuma limetoka? Damu ni nyingi au kidogo? Ova."

Hakuniruhusu kushuka mpaka alipotosheka kuwa mzazi naye yu salama. Niliposhuka mikono haikukunjika. Akaikanda kwa mafuta ya nazi, huku akinigombeza kwamba asubuhi niliacha sukari wazi na sisimizi wameingia. Kisha akaingia ndani. Lakini nilipokwenda jikoni kuomba maji ya moto, nilimkuta amekaa juu ya mbuzi ya nazi, kanga ameivuta usoni, mabega yanatikisika. Nikarudi kinyumenyume.

Mtoto alikuwa wa kike. Wakampa jina la Mkunga, lile la kwenye vyeti ambalo hakuna mtu analitumia.

Baadaye nilihamia Kerege, nikafungua chumba cha ushonaji kando ya barabara, na juu ya bati nikasimamisha antena yangu. Kila asubuhi niliitana na Mkunga. Kisha akaanza kuniomba nirudie. Kisha akawa anajibu maswali ambayo sikuuliza. Mwishowe akaacha kuja hewani. Nikaita siku nyingi, nikapata mvumo mtupu.

Juzijuzi nikapanda gari kwenda kumwona. Mlango ulifunguliwa na mpwa wake, mama mtu mzima anayeishi naye sasa.

"Masikio yamekwenda, dada," akaniambia kabla sijauliza. "Hata adhana haisikii. Tukitaka aswali tunamgusa bega."

Nilijikaza nikaingia. Nilikuwa nimejiandaa kuiona redio imefunikwa kitambaa kama maiti. Redio ilikuwa inawaka. Mkunga amekaa mbele yake, mdogo kuliko nilivyomwacha, na ile spika ya pembeni ameilaza mapajani, ameondoa kifuniko chake cha mbele. Kiganja chake cha kulia kilikuwa juu ya karatasi laini ya spika, kimetulia. Nikamwamkia kwa sauti kubwa. Hakugeuka.

Spika ilikuwa inalia Morse, kwa mwendo wa haraka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikasogea, nikasikiliza herufi, nikatazama midomo, nikasikiliza tena. Ilikuwa inalingana. Alikuwa anasoma kwa ngozi.

Nikapiga magoti mbele yake ili anione. Akanitazama kwa muda, uso ukafunguka.

"Fundi," akasema, kwa sauti ya juu kidogo, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Ngoja kwanza. Kuna bwana wa Kijapani hapa, anasema kwao kuna baridi." Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya spika kando ya wake. Nikafumba macho. Chini ya vidole ilikuwa ikipita mitetemo midogo, mifupi na mirefu, kama moyo wa kitoto, na kila mmoja ulikuwa umetoka Japani.

"Subhanallah," akasema.

Nilitaka kumjulia hali, na sikujua kwa njia gani. Nikakigeuza kiganja chake cha kushoto, nikaanza kugonga kwa kidole, kugusa kwa nukta, kubana kwa mstari. Lilikuwa neno refu. Angeweza kulikisia tangu herufi ya pili. Hakukisia. Alitulia, akaipokea kila herufi mpaka ya mwisho. SHIKAMOO.

"Marahaba," akasema. "Ila H ni nukta nne, yako ina tano. Rudia."

Nikarudia.